Ukigusa, Umekubali

Sitasema alizaliwa wapi wala baba yake alikuwa nani, kwa sababu sikuwahi kuuliza na sina mpango wa kuuliza sasa. Tulimwita Mjumbe. Jina la kuzaliwa alikuwa nalo, nadhani mkewe alilijua, ila miaka yote niliyoishi kota, na miaka yote niliyokuwa nikienda kumtazama mama yangu pale, sikumsikia mtu akilitumia. Mjumbe kapita, Mjumbe kasema, Mjumbe hataki. Na mimi nitamwita hivyo hivyo. Niseme mapema, asije mtu akadhani namsifu: simpendi. Mama yangu alikuwa na nyumba Bagamoyo, vyumba viwili na ukumbi na ua wa nyuma, leo hana, na aliyemtoa ni huyu mzee.

Kota zenyewe zilikuwa safu mbili za nyumba za serikali zilizotazamana, upande wa nyuma wa mji mkongwe. Zilijengwa kwa ajili ya watumishi. Watumishi wakastaafu, wengine wakafa, wengine wakarudi kwao, na milango ikabaki kwa wajane, wazee na watu wasio na pa kwenda. Kodi ikawa ya jina tu, halafu hata hilo jina likasahaulika. Baba yangu alikuwa mtumishi, na alipofariki mama akaachiwa mlango wake. Katikati ya safu hizo mbili palikuwa na uwanja, kamba za kuanikia nguo na koki moja ya maji.

Mjumbe alikaa hapo uwanjani, kwenye kiti cha plastiki kilichovunjika mguu. Mguu aliufunga kwa waya, na kwa kuwa waya haukushika sawasawa, kiti alikiegemeza ukutani kisije kikamwangusha. Alikikalia hivyo miaka na miaka. Kuuchukua ule waya na kuufunga upya ilikuwa kazi ya muda wa kunywa kahawa, na kahawa alikuwa anakunywa pale pale.

Asubuhi alivaa msuli na fulana, mchana kanzu, na kofia ya kiua iliyofuliwa mpaka ikalegea. Kiunoni alining'iniza fungu la funguo. Nilipokuwa msichana nilidhani ni funguo za kota nzima, na nilimwogopa kwa sababu hiyo. Baadaye mama akaniambia hazifungui kitu chochote, ni za ofisi ya zamani iliyokwisha kubomolewa. Alipenda tu zilie anapotembea.

Kabla ya kutamka neno alikohoa mara moja, akatazama pembeni kama vile kuna mkubwa mwingine anayemsikiliza, ndipo akasema. Na neno lake lililokuwa kubwa kuliko yote ni hili: "Ukigusa, umekubali." Wapangaji wote walilijua, hata watoto walilicheza uwanjani. Maana yake ni kwamba kota ni mali ya serikali, na kinachoharibika ni cha serikali kukitengeneza. Ukikitengeneza wewe, umekubali kwamba huo mzigo ni wako, na serikali ikishakuona umekubali hairudi tena. Kwa hiyo bati likitoboka, weka ndoo. Mlango ukioza, tundika gunia. Kaa usubiri.

Nilipotoka shule niliajiriwa na Kanji, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini. Kanji ni Muhindi wa pale pale. Baba yake na babu yake waliuza misumari kwenye mlango ule ule, na Kiswahili chake kinawatoa jasho wengi wanaojiita wenyeji. Kwa hiyo mimi nimekulia katika koki, misumari na mabati. Ile koki ya uwanjani ilikuwa inavuja tangu sijui lini, na siku moja nikabeba dukani kile kipira kidogo cha ndani, kitu ambacho hakifiki bei ya sahani ya mihogo, nikaazima na spana. Nilikuwa nimeshainama pale nikasikia funguo zinalia nyuma yangu.

"Unafanya nini, binti?"

"Shikamoo, Mjumbe. Naweka kipira, koki inavuja."

"Marahaba. Nani kakutuma?"

"Hakuna aliyenituma. Inavuja tu."

"Inavuja, naiona. Nina macho. Nimeshapeleka taarifa."

"Lini, Mjumbe?"

Akakohoa. "Taarifa iko huko. Ukigusa, umekubali. Kesho wataniambia, Mjumbe, watu wako wana mafundi wao, wajitegemee. Utakwenda kuwajibu wewe?"

Akakichukua kile kipira kiganjani mwangu, polepole, kama mtu anavyomnyang'anya mtoto wembe, akakifunga kwenye pindo la msuli wake. Nikairudisha spana dukani, kwa sababu nimelelewa kutobishana na mtu mzima hadharani. Koki ikaendelea kuvuja. Sakafu pale ikaota ukijani, na Mama Zuhura, jirani wa mlango wa tatu, akateleza na ndoo kichwani akavunjika nyonga. Mjumbe alikwenda kumtazama hospitali kila siku ya Mungu, na uji kwenye chupa ya chai, umepikwa na mkewe. Alimtafutia hata gongo la kutembelea. Uji alipeleka. Kipira hakuweka.

Hapo ndipo ugumu wa kumchukia mtu huyu ulipo, na sitaki kuuficha. Angekuwa mwizi ningemwelewa. Lakini hakula cha mtu. Misaada ilipokuja, unga na mafuta ya kupikia, au futari ambazo Kanji na wafanyabiashara wenzake walizitoa kila Ramadhani, Mjumbe alisimama kutwa akigawa, na mwenyewe akachukua mwisho, mara nyingine akatoka mikono mitupu. Mama alipopandwa na presha, yeye ndiye aliyemweka kwenye baiskeli akamsukuma mpaka hospitali, jua la saa sita, na kanzu yake ikarudi imelowa. Maiti ya kota ikioshwa, yeye yupo. Harusi ya kota, yeye ndiye anayegombana na wapishi. Angekufa kwa ajili yetu, naamini hivyo. Ila kutuachia tushike nyundo, hapana.

Tulikuwa na desturi yetu moja ambayo sijaisikia kwingine, na yeye ndiye aliyeianzisha. Tuliiita kuvaa. Wageni wakisikika wanakuja, watu wa miradi, watu wa misaada ya kaya maskini, wafadhili wenye kamera, Mjumbe alipita mlango kwa mlango akisema, "Kesho tunavaa." Hapo kota nzima ilijivisha shida. Televisheni zilifungwa kwenye shuka zikapelekwa stoo kwa Kanji, ambaye alizipokea akitikisa kichwa na kusema yeye ni duka, si kituo cha polisi. Magodoro mapya yalibebwa uani, yakawekwa ya zamani. Mwanamke mwenye kanga mpya aliikunja akaifunga ile iliyochanika. Friji la Mama Zuhura, ambalo halikubebeka, lilifunikwa mkeka na kupangiwa masufuria juu likawa meza.

Wageni wakifika, Mjumbe alibadilika hata sauti. Yule aliyetukemea kwa funguo kiunoni alikuwa sasa mzee aliyeinama, msuli umefifia, anaongea kwa pumzi. Aliwatembeza kwenye mapaa yaliyotoboka kama mwenye shamba anayetembeza wanunuzi. Alijua bati gani liko kwenye mwanga mzuri. Alijua pa kumsimamisha mgeni ili mfereji wa maji machafu umpige puani. Na alitufundisha maneno, kila mtu na lake. La mama yangu lilikuwa: "Mvua ikinyesha, wanangu, nahamia uvunguni." Tulicheka sana usiku wake. Nami nilicheka, ilikuwa kichekesho kweli. Watoto wakaiga, wakawa wanacheza kuvaa kama wenzao wa mitaa mingine wanavyocheza baba na mama.

Wanaomtetea, na wapo, husimulia kisa cha gata. Wanasema zamani, kabla sijapata akili, Mjumbe hakuwa hivi. Alikuwa mtu wa mikono. Aliwakusanya vijana wa kota wakachonga ngazi, wakaning'iniza gata la kukinga maji ya paa safu nzima, wakalielekeza kwenye tangi walilolijenga wenyewe, maji ya mvua yakawa ya bure. Bwana mmoja wa ofisini akaja, akasifu, akapiga picha, na mwaka uliofuata fundi aliyekuwa akitumwa kota hakutumwa tena. Walipofuatilia wakaambiwa wale wa kule wanajiweza. Mjumbe akarudi, akakaa kwenye kiti, na tangu siku hiyo hakushika chombo.

Nimekisikia kisa hicho kwa Mama Zuhura, amelishika gongo alilotafutiwa na Mjumbe, na machozi yakimlenga. Nakikubali. Yawezekana kabisa kilitokea hivyo hivyo. Lakini mtu akiumwa na nyoka hawafungi miguu jirani zake wote wasitembee. Uchungu ulikuwa wake, angebaki nao. Badala yake aliugawa mlango kwa mlango, sawa kwa sawa, kama alivyogawa unga.

Mama yangu peke yake ndiye aliyekuwa hamsikilizi. Simaanishi kwamba alimpinga. Mama hapingi mtu. Aliitika, "Ndiyo, Mjumbe," halafu akaingia ndani akafanya lake. Kila mwisho wa Shaabani alipaka chokaa kuta zake, nje na ndani. Mlangoni alipanda asumini akaipandisha kwenye fito mpaka juu ya dirisha, na wapita njia walikuwa wakisimama kidogo wakivuta harufu. Baraza yake aliisiliba mwenyewe kwa saruji niliyomletea kwenye kopo. Nami nilipopata nafuu kidogo nikamnunulia mabati kwa Kanji, mapya, geji nzuri, fundi akaja akaezua yale ya zamani na kumwezekea. Siku ile mvua ya kwanza iliponyesha mama alitupigia simu sote, mimi na dada yangu aliyeko Pangani, kutusikilizisha mlio wake. Hakuna nyumba niliyoipenda duniani kama ile, na nasema hivyo nikiwa sasa nina yangu.

Mjumbe alipita siku ya mabati, akatazama juu, akakohoa. "Umegusa, Bi Salma," alisema.

"Nimegusa, Mjumbe," mama akamjibu. "Karibu chai."

Akakaa akanywa chai.

Ndipo ikaja habari kwamba kuna watu wakubwa watakuja kukagua kota zote, safari hii si wa unga wala wa mafuta. Watatazama nyumba zenyewe. Mjumbe alipata taarifa hiyo akawa kama bwana harusi. Miaka yote aliyosubiri, hii hapa imefika. Alisema wazi kwamba serikali imekumbuka, kota zitafumuliwa na kutengenezwa upya, paa mpaka sakafu, kwa sharti moja tu: waone shida yenyewe, isiyopunguzwa. Tukavaa kuliko tulivyowahi kuvaa. Watu waling'oa hata madirisha yaliyokuwa mazima.

Mimi nilikuwa dukani siku mbili hizo, tulikuwa tunapokea mzigo. Haya ninayoyasema nimeyapata kwa mama na kwa majirani, na hayapingani. Mjumbe alimwendea mama alasiri, akakataa kukaa.

"Bi Salma, nyumba yako inatusuta."

"Inawasuta vipi, Mjumbe?"

"Mgeni akiiona hii atasema kumbe inawezekana. Ataangalia ya kwako, ataangalia ya Mama Zuhura, atauliza huyu mwenye gongo kwa nini asipake chokaa. Utatuponza sote."

"Sasa nifanyeje?"

"Siku moja tu. Vijana watayashusha mabati, watayaweka nyuma ya choo. Wakishaondoka wageni, tunayarudisha. Mimi ndiye ninayekwambia."

Nimemuuliza mama mara nyingi kwa nini alikubali. Jibu lake ni lile lile: "Ningekataa, mwanangu, halafu wao wakakosa, ningeishije nao?" Mama alikuwa na nyumba iliyonyooka katikati ya watu ambao nyumba zao zimepinda, na alionea haya unyofu wake. Aliwapikia vijana chai walipokuwa wanaezua. Aliwaonyesha misumari ipi itoke kwanza ili bati lisipasuke. Mjumbe aliwasimamia kutoka kwenye kiti. Kisha wakachanganya udongo na maji wakaisiliba chokaa yake, na asumini wakaikata kwa sababu ilikuwa inapendezesha.

Wageni walikuja asubuhi. Kiongozi wao alikuwa afisa mmoja mwanamke, kijana kiasi, amevaa viatu vya shamba, na kila mtu anasema alikuwa mpole. Alisimama ndani ya ukumbi wa mama, akatazama juu akaona mbingu. Akamuuliza anaishi humo kweli. Mama, ambaye maisha yake yote sijamkamata kwa uongo, akatazama chini akasema neno lake alilofundishwa, la uvunguni. Yule afisa alimshika mkono akamwambia pole, mama, hili haliwezi kuachwa. Akatoka nje anajifuta macho. Mjumbe alimsindikiza mpaka kwenye gari, na aliporudi alimwambia mama mbele ya watu wote, "Bi Salma, wewe leo ndiye uliyetuokoa."

Wiki hazikupita nyingi wakaja watu wengine, na kopo la rangi na brashi. Walipita mlango kwa mlango wakiandika X nyekundu ukutani. Kwa mama waliichora pale pale ilipokuwa asumini. Tukasomewa uwanjani kwamba nyumba hizi ni hatari kwa maisha ya watu, hazifai hata kwa matengenezo, kila mmoja atafute pa kwenda kabla ya mvua za masika.

Nilikwenda ofisini kwao, nimefunga kilemba vizuri, na adabu zangu zote. Nikamweleza yule afisa kwamba ya mama yangu ni nzima, mabati yake ni mapya, yako nyuma ya choo, njoo nikuonyeshe. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakuniletea jeuri hata kidogo.

"Dada yangu, mimi nilifika pale," alisema. "Nilisimama ndani. Nilimwona mama mwenyewe."

Alichokiona tulikitengeneza sisi, tena kwa bidii ambayo kota haikuwahi kuipata kwa kazi nyingine yoyote. Nilirudi nikamkuta Mjumbe kwenye kiti chake, X iko ukutani juu ya kichwa chake, rangi imechuruzika kidogo. Nilimwambia nilichoambiwa.

"Watatujengea mpya," alisema. "Hawawezi kututoa bure."

"Nani kasema?"

Akakohoa, akatazama pembeni. "Subira, binti."

Nilitaka kukipiga teke kile kiti. Nilitaka kumvua zile funguo nimrushie usoni. Nilikwenda kumfungashia mama vyombo. Mjumbe ndiye aliyekuwa mtu wa mwisho kuondoka kota, wanasema alikaa mpaka walipokuja kukata maji, na watu husimulia jambo hilo kwa heshima. Mimi nasema mtu akiwapoteza watu njia, kubaki nyuma kwake hakumpunguzii kitu. Pale mahali pamezungushiwa uzio na majani yameota, na hakuna kilichojengwa.

Sasa mama anakaa kwangu, Kaole. Nimempa chumba cha uani chenye dirisha la upande wa pwani. Yale mabati nimeyaezekea jiko, kwa hiyo mvua ikinyesha anasikia mlio wake, ila juu ya sufuria zangu. Ananishukuru kila asubuhi, na ndilo linaloniumiza. Mwanamke aliyekuwa akisiliba baraza kwa mkono wake leo ananiuliza, "Nikisogeze hiki kiti?" Ananiuliza kama anaweza kumwagilia maua. Nilimletea mche wa asumini. Aliushika, akauliza, "Unapenda niupande wapi?" Nimemwambia mara ngapi kwamba hapa ni kwake. Anaitika, "Ndiyo, mwanangu," halafu anangoja aambiwe. Ufunguo wa kota bado anaufunga kwenye pindo la kanga. Sasa wako wawili wenye funguo zisizofungua kitu.

Mwezi uliopita Kanji alinituma Vigwaza pamoja na gari la mzigo, kuna mteja alikuwa akijenga kule barabarani. Mama aliposikia Vigwaza akasimama. Mjumbe, akasema, anaishi huko kwa mkwewe. Akakaa jikoni akakaanga visheti, akavitia kwenye kopo, akavifunga na kitambaa.

"Mpelekee. Mwambie namsalimu, na ile miguu yangu iliyokuwa ikivimba inaendelea vizuri."

"Mama, mtu yule?"

"Mpelekee tu."

Tulishusha saruji, nikaulizia, nikaonyeshwa nyumba. Ilikuwa nzuri, ya tofali, imepigwa plasta, ua umefagiwa na mistari ya ufagio inaonekana. Miche ya mipapai ilipangwa, kila mmoja umewekewa kizingiti cha udongo cha kushika maji. Bomba lilikuwa kwenye kona na chini yake pakavu kabisa. Nikatazama juu, na Mjumbe alikuwa kwenye ngazi.

Alikuwa anapigilia gata. Peke yake, msuli ameupandisha, kofia ameichomeka kiunoni, misumari midomoni. Funguo hazikuwepo. Alikuwa amezeeka sana, mikono imebaki mifupa, lakini nyundo ilikuwa inajua inakokwenda. Alipima kwa jicho, akagonga mara mbili, akapima tena. Mtu huyu alikuwa fundi. Miaka yote ile, pale kwenye kiti.

"Shikamoo, Mjumbe."

Alitazama chini, akanitambua, akatoa misumari mdomoni akafurahi. Sisemi uongo, alifurahi. "Marahaba, marahaba! Binti wa Bi Salma. Mama hajambo?"

"Hajambo, anakusalimu. Kakuletea visheti."

"Mwenyezi Mungu amzidishie. Miguu?"

"Inaendelea vizuri."

Nikaviweka visheti barazani. Ningeweza kuondoka hapo. Lakini nilikuwa na neno, na sikutaka kurudi nalo Kaole.

"Sikujua kama unajua kushika nyundo, Mjumbe."

Akalitazama gata, si mimi. "Hapa pana mwenyewe, mwanangu," alisema. "Mkwe wangu huyu ni mtu wa safari. Akirudi akute maji yanamwagika ukutani, nitamwambia nini?"

"Na kule mama yangu hakuwa mwenyewe?"

Akakohoa, akatazama pembeni, lakini pembeni palikuwa na ukuta. Wakati anatafuta cha kusema msumari mmoja ukamponyoka, ukaanguka karibu na mguu wangu. Ngazi yenyewe ilikuwa imewekewa jiwe upande mmoja, na kila alipogeuka ilicheza.

"Niokotee huo msumari," alisema kwa sauti ndogo. "Halafu nishikie ngazi kidogo, mwanangu, nimalize hapa."

Niliuokota. Nikauweka juu ya baraza, kando ya visheti.

"Upo hapa, Mjumbe," nikasema. "Shuka uuchukue."

Nikaondoka. Nilipofika barabarani niligeuka mara moja nikamwona anashuka, mguu baada ya mguu, anatafuta kidato kwa kisigino. Moyo wangu ulikuwa mweupe. Njia nzima nilikuwa nikijisimulia nitakavyomweleza mama.

Nilimkuta ameketi mlangoni pa jikoni, ungo mapajani, anapepeta mchele. Nikamweleza yote, nyumba, mipapai, lile gata, ngazi iliyowekewa jiwe, na jinsi alivyosema hapa pana mwenyewe. Nilimweleza na habari ya msumari. Nilitegemea acheke, au alie, au angalau akasirike na mimi kwa mara ya kwanza.

"Na ngazi alishikiwa na nani?" aliuliza.

"Hakuna mtu."

"Na jiwe lilikuwa linacheza?"

"Lilikuwa linacheza."

"Ungemshikia, mwanangu."

"Mama," nikasema, "ngazi ile haikuwa yangu."

Mama aliniinulia macho. Alinitazama kwa muda, kama mtu anayejaribu kukumbuka sauti hiyo ameisikia wapi. Kisha akainama, akaendelea kupepeta mchele wake.